Tuwapeleke Watoto Wakawaone Ndovu

Mtoto wa Meru au Embu humjua ndovu kwa njia mbili: kwa picha ya kitabuni, na kwa shamba la mahindi lililokanyagwa usiku. Njia hizo hazitoshi.

Niliwahi kuipeleka jamaa yangu katika Mbuga ya Taifa ya Meru, iliyotengwa mwaka wa 1966. Kitinda mimba wangu, aliyekwisha kukizuru kituo cha wanyama mayatima kilichoko Nairobi, aliuliza vizimba viko wapi. Nilimjibu kwamba hapa tuliofungiwa ni sisi, ndani ya gari. Tulingoja kitambo kirefu kabla ya twiga kujitokeza vichakani, na kungoja huko kuliwafunza wanangu subira kuliko mawaidha yangu yote.

Vifaru wa mbuga hiyo, hata hivyo, wamezungushiwa ua na kuwekewa walinzi. Mwaka wa 1988 majangili waliwaua vifaru weupe watano papo hapo. Ua huo, basi, haukujengwa kwa ukali wa kifaru bali kwa uroho wa binadamu.

Walimu wenzangu, najua nauli na viingilio ni mzigo kwa wazazi. Lakini Hifadhi ya Mwea, iliyoko Embu, si mbali na shule nyingi za kaunti hiyo. Mtoto asiyemjua ndovu ila kwa hasara, kesho tutamwomba amhifadhi kwa sababu gani? Samaki mkunje angali mbichi.