Bunduki ya wenzo kwa nyati? Tusidanganywe na namba

Ile bunduki ya kwenye sinema za kauboi, unayokoki kwa kusukuma wenzo wa chini ya triga, inafaa kuwindia wanyama wakubwa? Jibu inategemea mnyama gani.

Tuanze na uzuri wake. Ni fupi, nyepesi, haisumbui kwenye vichaka vya miombo, na unakoki haraka bila kuishusha begani. Kama una kibali cha ngiri au swala pala, Winchester ya .30-30 inatosha kabisa ndani ya mita 100 hivi.

Shida inaanza kwa nyati. Kanuni zetu za uwindaji zinataka bunduki isiyopungua .375 kwa wanyama hatari kama nyati, simba na tembo. Sasa mtu anakwambia: "Mi nina .45-70, namba yangu kubwa kuliko hiyo, tatizo liko wapi?"

Tatizo ni kwamba namba hiyo ni upana wa risasi tu, siyo nguvu! Risasi ya .375 H&H, iliyotoka mwaka 1912, ina gramu kama 19 na inatoka kwa mwendo wa mita 770 hivi kwa sekunde. Ya .45-70 ya kawaida ina gramu 26, ila inatoka kwa mita 400 tu. Ukipiga hesabu, .375 ina nguvu zaidi ya mara mbili. Zipo .45-70 zilizojazwa baruti nyingi kwa bunduki imara za kisasa, nazo bado haziifikii.

Jambo la pili: bunduki nyingi za wenzo hupanga risasi kwenye bomba chini ya mtutu, ncha ya moja ikigusa kitako cha mwenzake. Ndo maana risasi zake ni bapa mbele. Ukiweka zenye ncha kali, mtikisiko unaweza kulipua moja humo humo bombani, na mkono wako uko hapo.

Theodore Roosevelt, Rais mstaafu wa Marekani, alikuja Afrika Mashariki mwaka 1909 na Winchester ya wenzo, modeli 1895, ya .405. Simba aliwapiga nayo. Lakini ndovu wake wa kwanza, kule Mlima Kenya, alimpiga kwa Holland ya mitutu miwili. Hata yeye alijua mpaka wa bunduki yake.

Kwa nini nalikazania hili? Nyati aliyejeruhiwa anaingia kichakani kusubiri. Anayetangulia kumfuata siyo mwenye bunduki, ni msaka nyayo, mara nyingi kijana wa kijijini asiye na silaha. Asipopatikana jioni ile, kesho anaweza kukutana na mama anayeokota kuni. Wewe ushaondoka na gari lako.

Kwa hiyo: swala, chukua wenzo. Nyati, chukua .375 ya bolti. Na kabla ya yote uwe na leseni ya silaha na kibali cha kuwinda. Pia kumbukeni, lile Pori la Akiba la Usangu liliingizwa Hifadhi ya Taifa Ruaha mwaka 2008, na hifadhini hakuna kuwinda.

Wazee mliowahi kusaka nyayo, hebu mtuongezee hapo chini.