Boti ya Mjomba Ilipotaka Kutupita Mteremkoni!

Msomaji wangu, umewahi kufukuzwa na boti nchi kavu? Mimi imenikuta. Mpaka leo nikiona trela barabarani nasogea pembeni kwanza, salamu baadaye.

Mjomba wangu anaishi Goba, Dar es Salaam. Alipostaafu, wenzake walijenga vyumba vya kupangisha, yeye kiinua mgongo chake chote akanunulia boti ya faiba ya futi 22, ya kuvulia samaki na kutembeza wageni. Kwa kuogopa wezi wa injini hailazi ufukweni. Ikimaliza kazi Kunduchi inapandishwa kwenye trela, inarudi nyumbani kulala. Sasa wanaoijua barabara ya Goba kushukia Tangi Bovu wanaelewa, vilima vyake si vya mzaha.

Alfajiri hiyo tulikuwa tunashuka. Mjomba kwenye usukani wa pikapu, mimi pembeni yake nimekumbatia chupa ya chai. Mara bajaji iliyokuwa mbele yetu ikasimama kushusha abiria. Mjomba akakanyaga breki. Pikapu ikaitika, boti ikakataa! Tukasikia tunasukumwa kwa nyuma, trela likaanza kukaa upande upande, na mimi nikaiona pua ya boti inachungulia kwenye kioo cha upande wangu, kana kwamba inaomba njia.

Mjomba akakata kona, tukaparamia mchanga wa pembeni, tukasimama hatua chache tu kutoka meza ya mama muuza vitumbua. Hakuna aliyeumia, ashukuriwe Mungu. Yule mama akatutazama kwa muda, akasema, "Baba, boti yako haina subira." Mjomba, ambaye kwa kawaida haishiwi maneno, siku hiyo yalimwisha.

Tulipomwita fundi akavua magurudumu, siri ikafichuka. Trela lile la mtumba lilikuja na breki za umeme. Ndani ya kila dramu kuna sumaku. Ukikanyaga breki, kifaa kilichofungwa kwenye gari kinapeleka umeme, sumaku inanasa dramu na kuzisukuma breki shuu. Kwa trela la kubeba mbao, safi kabisa. Lakini letu linazamishwa baharini kila safari. Chumvi ilikuwa imezila zile sumaku, na waya zimeota ukijani kama ukuta wa kisima. Kumbe siku zote hizo tulikuwa tunasimamisha magari mawili kwa breki za moja!

Piga hesabu mwenyewe. Boti, injini, mafuta na trela, jumla kama tani 2. Pikapu yetu haifiki hapo. Yaani mzigo ni mzito kuliko punda. Halafu ukitoka mwendo wa kilometa 40 kwa saa ukaenda 80, kazi ya breki haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Ndiyo maana kule Uingereza trela likizidi kilo 750 pamoja na mzigo linaloruhusiwa kubeba, sheria inataka liwe na breki zake.

Basi ikaanza safari ya kutafuta breki mpya. Gerezani tulizunguka siku mbili, na kila fundi ana dini yake.

Wa kwanza akasema turudishe za umeme, ni rahisi. Mjomba akamwuliza, "Na chumvi utaizuia wewe?" Tukaondoka.

Wa pili akatupeleka kwenye pampu ya umeme inayofungwa mbele ya trela, juu ya maji, ambayo inasukuma mafuta ya breki mpaka kwenye magurudumu. Hizi ni kiboko. Zinashika vizuri mteremkoni na hazisumbui ukirudi nyuma. Ila bei yake ilimfanya mjomba atafute pa kukaa. Tena ikizima njiani, unahitaji fundi anayejua umeme wake, na si kila kijiwe utampata.

Wa tatu, mzee mmoja asiye na haraka, alituonyesha breki za kusukumwa. Hizi hazitaki umeme wala kifaa ndani ya gari. Kichwa cha trela kinachoshika gari kinaweza kurudi nyuma kidogo. Ukifunga breki, trela linataka kukupita, linajisukuma mbele, na huko kujisukuma ndiko kunakobana masta silinda na kupeleka mafuta kwenye magurudumu. Yaani kiherehere cha boti ndicho kinachoifunga breki boti yenyewe! Nilicheka peke yangu.

Lakini mzee hakutuficha kasoro zake. Kwanza, kwenye mteremko mrefu trela linaegemea gari muda wote, breki zinajishika zenyewe na kupata moto. Dawa yake ni kushuka kwa gia ndogo tangu juu. Pili, ukisukuma trela kinyumenyume kupanda kilima, linadhani umefunga breki, linagoma. Na geti la mjomba liko mlimani! Tukafungiwa vali ndogo iliyounganishwa na taa ya kurudi nyuma. Ukiweka rivasi, inazuia mafuta yasiende kwenye breki.

Likabaki swali la dramu au diski. Hapo mzee alikuwa mkali. Dramu ni kama sufuria lenye kifuniko, maji ya chumvi yakiingia yanakaa. Diski iko wazi, inachuruzika, unaimwagia maji baridi ya bomba, na pedi zikilika unaziona kwa macho.

Mjomba akataka kubana matumizi, diski zifungwe ekseli moja tu kati ya mbili. Nikamkumbusha mama wa vitumbua. Akanyamaza, kesho yake akauza jenereta, magurudumu yote manne yakapata breki. Tukaongeza na waya wa dharura, trela likichomoka kwenye gari unavutwa na kufunga breki wenyewe, pamoja na minyororo miwili iliyopishana chini ya ndoano.

Sasa tuna desturi. Tukifika Kunduchi tunasubiri beringi zipoe kabla ya kuzamisha, maana za moto zikikutana na maji ya baridi zinayavuta ndani. Tukirudi nyumbani, trela linaoga kabla yetu. Na kila mwaka mafuta ya breki yanabadilishwa, kwa sababu yanafyonza unyevu.

Juzi tulipita tena palepale. Mjomba akaingiza gia namba mbili, akakanyaga taratibu, na boti nyuma ikatulia kama mtoto aliyeshiba. Akasimamisha gari, akanunua vitumbua vya kutosha kijiji kizima.

"Mama, sasa ina subira," akamwambia.

Mama akachungulia magurudumu, akatikisa kichwa. "Subira mmeinunua, baba. Mngeinunua mapema."

Wewe mwenye trela, usingoje kuambiwa na muuza vitumbua. Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.