Kuchemka si Kipimo: Kidhibitijoto cha Boila Kuukuu katika Masisi na Walikale

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ya kufunga kidhibitijoto sahihi katika boila kuukuu ya umeme, yaani tangi la kuchemshia maji, na kuonyesha kwa nini kipimo kinachofaa Walikale hakifai Masisi. Tatizo lenyewe ni la kifundi. Hata hivyo, mzizi wake mmoja umo katika lugha: tumezoea kulitumia neno "kuchemka" kana kwamba linataja kiwango kimoja cha joto.

2. Maana ya kuchemka

Msemaji wa Kiswahili hutofautisha maji ya baridi, ya uvuguvugu, ya moto na yaliyochemka. Matatu ya kwanza hupimwa kwa mkono. Ya nne hutambuliwa kwa jicho na sikio, yanapotokota. Hakuna hata neno moja kati ya hayo linalotaja nambari, ilhali kidhibitijoto hakijui ila nambari.

Maji huchemka pale nguvu ya mvuke wake inapolingana na ile ya hewa inayoyakandamiza. Kadiri tunavyopanda mlima ndivyo hewa inavyopungua uzito, na kiwango cha kuchemka hushuka kwa uzi 1 wa sentigredi kwa kila mita 300 hivi. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Goma, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 95. Katika nyanda za Masisi zenye mita 2,000 huchemka kwenye 93. Na katika misitu ya Walikale, penye mita 600, kwenye 98.

Tuchukue boila ya lita 10 yenye koili ya wati 2,000, na kidhibiti kilichowekwa nyuzi 96. Walikale itajizima yenyewe. Masisi haitajizima kamwe, maadamu maji ya wazi hayawezi kupita nyuzi 93. Kila saa lita 3 hivi zitageuka mvuke, mpaka koili ibaki wazi na kuungua. Mahali ambapo umeme hutoka katika jenereta au mtambo mdogo wa maji, hasara hiyo si ndogo.

3. Namna ya kufunga

Boila za zamani hutumia utepe wa metali mbili, ambao hujipinda upatapo joto na kukata umeme. Aghalabu utepe huo hugusa ukuta wa tangi, wala si maji, na hukosea kwa nyuzi kadhaa. Marekebisho yafuatayo yafanywe na fundi umeme, boila ikiwa imechomolewa:

(a) Kihisi joto kiingizwe ndani ya maji katika mrija wa chuma uliozibwa, mbali kidogo na koili.
(b) Kihisi kiunganishwe na kidhibiti cha kielektroniki kinachoendesha relei. Koili ya wati 2,000 kwa volti 220 huvuta ampea 9 hivi. Kwa hiyo relei iwe ya ampea 16 au zaidi.
(c) Utepe wa zamani usiondolewe, bali ubaki kama mlinzi iwapo relei itanasa. Kinga ya tangi kukaukiwa ibaki pia, na bodi ya tangi iunganishwe na waya wa ardhi.
(d) Kihisi kijaribiwe katika barafu inayoyeyuka, ambayo ni nyuzi 0 popote, kisha katika maji yanayochemka mahali hapo hapo. Kiwango cha kuzima kiwe uzi 1 au 2 chini ya hicho cha pili.

Kwa maji ya kunywa, shirika la afya la Marekani, CDC, hushauri yatokote dakika 1, na dakika 3 juu ya mita 2,000 hivi. Kwa kazi hiyo kiwango cha kuzima hakitoshi: mtumiaji atumie swichi ya mkono na saa. Faida ya usahihi huonekana zaidi katika maziwa, ambayo Masisi inasifika kwayo: kuyatakasa kwa nyuzi 63 kunadai dakika 30 bila joto kushuka.

4. Hitimisho

Tunapoandika maelekezo ya mitambo kwa Kiswahili, tusiishie kusema "maji yakichemka, zima". Hatuna budi kutaja nyuzi, na pamoja na nyuzi, mahali.