Tarakilishi na Utunzaji Wake (4): SSD Isiyoonekana Baada ya BIOS Kusasishwa

BIOS ni programu ndogo inayokaa katika chipu ya ubaomama. Ndiyo inayoamka kwanza tarakilishi inapowashwa, ikakagua kumbukumbu, kibodi na diski, kisha ikaikabidhi kazi Windows au Linux. Watengenezaji huitolea matoleo mapya ili kuziba mianya ya usalama au kuifanya itambue vifaa vipya. Siku hizi matoleo hayo huweza kuja yenyewe kupitia Windows Update, hasa katika mashine za Dell, HP na Lenovo. Mwenye mashine huona tu imejizima na kujiwasha, kisha maandishi meupe kwenye skrini nyeusi yanamwambia hakuna diski ya kuanzia.

Kisii na Nyamira, nchini Kenya, tatizo hili lina uzito wake kwa sababu ya aina ya mashine zilizopo. Saiba za Kisii mjini, Keroka na Nyamira, ofisi za shule na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii hutegemea sana tarakilishi za mtumba, zile ziitwazo ex-UK: Dell OptiPlex, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. Nyingi zilitoka kiwandani na diski ya kuzunguka. Fundi akaitoa, akaweka SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka), akaihamishia Windows ya zamani jinsi ilivyokuwa. Mashine ya namna hiyo huendeshwa na mipangilio ambayo fundi aliiweka kwa mkono wake ndani ya BIOS. BIOS ikisasishwa, mipangilio hiyo huweza kufutika na ile ya kiwandani ikarudi. Mara nyingi SSD ni nzima na faili zimo, ila ubaomama hauijui tena njia ya kuzifikia. Ndiyo maana anayekimbilia kufomati huangamiza rekodi za karo za shule au tasnifu ya miaka miwili bila sababu yoyote.

Hatua ya kwanza ni kuingia ndani ya BIOS na kutazama kama jina la SSD limo kwenye orodha ya diski. HP nyingi hutumia kitufe cha F10, Dell F2, ThinkPad F1. Jibu la swali hilo moja hugawa kazi yote iliyobaki.

Jina likiwemo, waya na tundu havina neno, na kilichoharibika ni namna ya kuanza. Chanzo cha kawaida ni mgongano kati ya mtindo wa zamani, uitwao Legacy au CSM, na mtindo wa UEFI. Windows iliyowekwa kwa mtindo wa zamani hukaa kwenye diski yenye jedwali la MBR, ilhali UEFI huitaka diski yenye jedwali la GPT na sehemu ndogo ya faili za kuanzia. BIOS ikijirudisha kwenye UEFI peke yake, diski ya MBR hutajwa orodhani lakini haianzi. Dawa ya haraka ni kuirudisha Legacy. Dawa ya kudumu ni programu ya mbr2gpt, ambayo Microsoft iliitia ndani ya Windows 10 toleo la 1703 mwaka 2017: hubadilisha jedwali bila kufuta faili, mradi diski isiwe na zaidi ya sehemu kuu 3. Hata hivyo, nakala ya faili muhimu itolewe kwanza. Mashine mpya nyingi hazina Legacy tena, maana Intel ilitangaza mwaka 2017 kwamba ingeiacha ifikapo 2020.

Chanzo cha pili ni mtindo wa SATA, yaani namna ubaomama unavyowasiliana na diski. Dell nyingi za ofisi hutoka kiwandani zikiwa kwenye RAID, lakini mafundi huzihamisha kwenye AHCI wanapoweka SSD. Zikirudi kwenye RAID, Windows huanza vizuri, vitone vinazunguka kidogo, kisha skrini inageuka buluu na kuandika INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Maneno hayo huwatisha watu, lakini kwa kawaida maana yake ni kwamba Windows haina draiva ya mtindo uliopo. Kwa tarakilishi yenye diski moja, kurudisha AHCI hakufuti chochote. Kwa seva yenye diski kadhaa zilizounganishwa kwa RAID, mtindo huo usiguswe kabla ya kumuuliza aliyeiunda.

Vipakatalishi vyenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 kwenda mbele vina mfumo mwingine wa kusimamia diski, uitwao VMD. VMD ikiwashwa na sasisho, programu ya kuweka Windows kutoka kwenye flashi huonyesha orodha tupu, kana kwamba hakuna diski kabisa. Hapo ama draiva ya Intel Rapid Storage inanakiliwa kwenye flashi na kupakiwa, ama VMD inazimwa. Lakini Windows iliyowekwa VMD ikiwa imewashwa huhitaji iendelee kuwashwa.

Sasisho huweza pia kuifanya BitLocker, programu ya Windows inayosimba diski, idai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umo katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, au kwa msimamizi wa mitambo ikiwa mashine ni ya taasisi. Bila ufunguo huo faili hazifunguki, hata fundi awe hodari vipi. Kwa hiyo BitLocker isitishwe kwa muda kabla ya kusasisha.

Jina lisipokuwemo kabisa kwenye BIOS, saa itazamwe kwanza. Tarehe ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa, betri ndogo ya CR2032 imekwisha, na kila stima inapokatika mipangilio hupotea. Dalili nyingine ya betri hiyo ni tovuti za serikali za eCitizen na iTax kukataa kufunguka kwa sababu ya tarehe isiyo sahihi. Sasisho hulaumiwa bure hapo. Betri ikishabadilishwa, ikaguliwe kama tundu la SATA au la M.2 limezimwa katika mipangilio. Katika baadhi ya ubaomama, M.2 ikitumika, tundu moja au mawili ya SATA huzimika.

Kisha chaja na betri vitolewe, kitufe cha kuwasha kibanwe kwa sekunde 30 hivi, na SSD ichomolewe na kurudishwa. Ile ya M.2 huingizwa kwa kuinama kidogo, kisha hulazwa na kukazwa kwa skrubu. Isipofika mwisho haionekani. Pini zake zipanguswe kwa spiriti safi, hasa mahali penye vumbi laini kama Tabaka kwenye wachongaji wa mawe ya sabuni. SSD iliyokatiwa umeme ghafla huweza kujificha kwa muda. Watengenezaji kama Crucial wameelekeza iachwe ikipata umeme kwa dakika 20 hivi, mashine ikiwa ndani ya BIOS, ili ijipange upya.

Umeme wenyewe ni sababu ya kuchagua saa ya kusasisha. Nyanda za juu za Kisii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na radi hupiga sana alasiri. Sasisho lifanywe asubuhi, kipakatalishi kikiwa na chaji na tarakilishi ya mezani ikiwa kwenye UPS. Stima ikikatika katikati, BIOS yenyewe huharibika na skrini hubaki nyeusi. HP nyingi huweza kujirekebisha kwa kubanwa kitufe cha Windows pamoja na B wakati wa kuwasha, na Dell kwa Ctrl na Esc. Hilo likishindikana, fundi huiandika chipu upya kwa kifaa kama CH341A.

Kama yote yameshindwa, SSD iwekwe kwenye mashine nyingine au kwenye kasha la USB. Ikionekana huko, faili zinakiliwe papo hapo na BIOS irudishwe kwenye toleo la awali, ikiwa mtengenezaji anaruhusu. Isipoonekana popote, yaelekea kidhibiti chake kimekufa. Kuhamisha chipu za kumbukumbu pekee huwa hakusaidii, kwa kuwa kidhibiti ndicho kilichosimamia ramani ya mahali kila kipande cha faili kilipowekwa, na SSD nyingi husimba data kwa ufunguo ulio ndani yake.