Mashine Inayofunguka

Kompyuta mpakato ya kwanza kuingia nyumbani kwetu Oldonyo Sambu ilikuwa mpya kabisa, imo ndani ya boksi, nailoni ya kioo haijabanduliwa. Ilidumu miezi 14. Nusu mwaka wa kwanza ilifanya kazi. Baada ya hapo ikawa kila siku inadai nafasi imejaa, ingawa ndani hamkuwa na kitu zaidi ya hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa na picha za kipaimara cha binti yangu. Siku ilipogoma kuwaka nikapanda gari hadi Arusha mjini, nikaipeleka kwa fundi mmoja jirani na Barabara ya Sokoine. Akafungua mfuniko wa chini, akaniita nisogee. "Mzee, tazama mwenyewe. RAM imechomelewa kwenye bodi. Hifadhi nayo imechomelewa. Hapa sina cha kuchomoa." Nilipoteza nauli ya safari tatu, kwa mafundi wawili wengine, kabla ya kukubali alichonionyesha yule wa kwanza.

Kando ya barabara ya Namanga, kuanzia Ngaramtoni hadi huku kwetu, zipo nyumba nyingi zinazojikusanyia fedha kununua mashine ya namna ile ile. Nazielewa. Simu inatosha kwa mengi, lakini haitoshi kijana anapoomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, au anapopandisha vyeti vyake kwenye Ajira Portal, au anapotaka kusoma kurasa pana za vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Bila kompyuta nyumbani, kazi hizo zinakwenda steshenari. Kule, mbali na malipo ya kila ukurasa, kijana anaacha nywila yake, namba yake ya NIDA na nakala za vyeti kwenye mashine ya mtu asiyemfahamu. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko gharama. Kompyuta ya nyumbani ni faragha ya familia, na inastahili kuchaguliwa kwa uangalifu tunaoutumia kuchagua ng'ombe wa maziwa.

Nchi hii ina historia yake na kompyuta zilizowashinda watu kuzitunza. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka michache baadaye mpango wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta ulikwama vibaya, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta pamoja na televisheni. Mtu anaweza kuilaumu amri ile kwa miaka iliyotupotezea. Mimi naona ndani yake somo ambalo bado lipo mezani: mashine isiyo na mtu wa karibu wa kuifungua na kuiponya ni mzigo, hata ikiwa ya kisasa namna gani.

Kwa familia ya huku, basi, kompyuta ya kutegemewa ni ile ambayo fundi wa Arusha mjini anaweza kuitengeneza siku hiyo hiyo, kwa kipuri kilichopo dukani, ili urudi nayo kwa gari la jioni.

Kwa mwenye laki sita au saba mkononi, njia ni mbili. Anaweza kununua mpya ya daraja la chini, yenye prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC ya GB 64. Au anaweza kununua mtumba wa daraja la ofisini: Lenovo ThinkPad, Dell Latitude, HP EliteBook. Hizi za ofisini kampuni za Ulaya, Marekani na Ghuba huzinunua kwa mamia, huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huziuza kwa mkupuo. Nyingi hupitia Dubai ndipo zifike Kariakoo na Arusha. Zilitengenezwa zikijua kwamba fundi wa kampuni atazifungua. Chini ya mfuniko utakuta RAM ya kuchomeka, hifadhi inayoshikwa kwa skrubu moja, betri inayotoka na kibodi ya kubadilishwa.

Mpya ya bei ya chini ina sifa moja ambayo sitaificha: mara nyingi haina feni, na huku kwetu feni ndiyo mlango wa vumbi. Lakini GB 64 huliwa na Windows yenyewe pamoja na masasisho yake, na zikishajaa hakuna pa kuongezea. Ndicho kilichoiua yangu taratibu kabla haijafa kabisa.

Kwenye mitumba hiyo mnunuzi hupotezwa na stika. Muuzaji atakwambia "hii ni i7", na wewe utadhani i7 lazima iipite i5. Soma namba inayofuata. Kwenye i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6: kizazi cha 6. Kwenye i5-8250U ni kizazi cha 8. Ikiandikwa i5-1135G7, hicho ni kizazi cha 11. Kizazi cha 8, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017, ndipo Intel walipozipa prosesa za kawaida za mpakato viini vinne badala ya viwili. Kwa hiyo i5-8250U ina viini vinne, na i7-7600U ya kizazi kilichotangulia ina viwili. Anayelipia zaidi kwa ajili ya namba 7 kwenye stika analipia mashine dhaifu.

Kizazi cha 8 kina uzito mwingine. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa jumla haikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi hicho. Madukani utakuta mashine za kizazi cha 6 zimewekewa Windows 11 kwa njia ya kuuzunguka ukaguzi. Zinawaka na kufanya kazi, ila hakuna anayekuhakikishia masasisho yajayo, na mashine itakayobeba siri za familia haifai kukaa bila ulinzi. Aliye na bajeti ya kizazi cha 6 tu namshauri aombe wamwekee Linux Mint pamoja na LibreOffice. Vyote ni bure, na vinatosha kwa barua, hesabu na intaneti. Wala si vitu vya wageni: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa makosa, na LibreOffice ya leo ni ya ukoo huo huo.

Mimi ningetafuta ThinkPad T480, Latitude 7490 au EliteBook 840 G5. Zote ni za mwaka 2018, zote zina nafasi mbili za RAM, na zote zinapokea chaji ya Type-C. T480 ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa nje, kiasi kwamba unaweza kubadilisha ya nje huku mashine inaendelea kuwaka. Udhaifu wake ni kwamba inachajiwa kwa Type-C pekee, na tundu hilo limechomelewa kwenye bodi; likilegea, ni kazi ya fundi mwenye mkono mzuri. Zile nyingine mbili zina tundu la duara pia. Usikubali chini ya RAM ya GB 8, wala mashine yenye diski ya kuzunguka badala ya SSD. SSD ya GB 256 inatosha nyumba nzima, na haina kitu kinachozunguka ndani cha kuumizwa na mitikisiko ya gari.

Siku ya kununua, nenda asubuhi. Muuzaji mwenye mali safi hatakukatalia kukaa na mashine saa mbili, na anayekuharakisha amekwishakujibu. Anza kwa kuizima na kuiwasha huku unabonyeza F2 kama ni Dell, F10 kama ni HP, F1 kama ni Lenovo. Ikikudai nywila kabla ya kukufungulia mipangilio, irudishe mezani. Kufuli hiyo iliwekwa na kampuni ya awali, na kuiondoa ni kazi ya bodi. Kisha omba waifute na kuianzisha upya mbele yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu yako. Kompyuta ambayo haikuachiliwa na ofisi ilikotoka itataja jina la kampuni na kudai barua pepe ya kazini. Hiyo nayo iache, hata wakikuonyesha njia ya kuipita, kwa sababu siku utakapoifuta tena nyumbani itadai vile vile.

Betri usiipime kwa asilimia inayoonekana pembeni ya kioo. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na mashine itakutolea ripoti yenye namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo inaoufikia sasa ikijaa. Betri ya ndani ya T480 ilianza na takriban 24,000. Ukikuta 12,000, imebaki nusu, na bei inapaswa kulijua hilo. Tazama pia bawaba za kioo, bonyeza kila kitufe cha kibodi, chomeka flashi kwenye kila tundu. Namba ya utambulisho iliyo chini ya mashine ifanane na ile ya kwenye mipangilio. Dell, HP na Lenovo wote wana ukurasa wa kuikagua. Dai risiti ya EFD, namba hiyo iandikwe. Mashine isiyoweza kuandikiwa risiti huenda ina mwenyewe anayeitafuta.

Wapo majirani wanaovuka Namanga kwenda kununua Nairobi, kwa kuwa barabara ni hii hii na uchaguzi kule ni mpana. Sina ubishi nao, mradi walipie mpakani kinachotakiwa na wakumbuke kwamba waranti ya miezi mitatu ya duka la Nairobi inadaiwa Nairobi.

Sasa nirudi kwenye vumbi, kwa sababu wauzaji wa mjini hawaliwazi. Oldonyo Sambu iko upande mkavu wa Mlima Meru. Udongo wetu ni wa volkano, mwepesi kama unga, na miezi ya kiangazi upepo unaupitisha hata chini ya mlango uliofungwa. Feni inauvuta, mapezi ya kupoozea yanaziba, prosesa inapata joto na kujipunguzia kasi. Mwenye nyumba anasema kompyuta imezeeka. Haijazeeka, imekabwa. Iweke juu ya meza au ubao, kamwe isikae juu ya blanketi. Ifunike kwa kitambaa wakati haitumiki. Mara moja kwa mwaka, kiangazi kinapoisha, fundi aipulize na kubadilisha pesti ya prosesa. Kwa mashine inayofunguka, kazi hiyo humalizika kwa muda mfupi. Mimi nilimsubiri fundi hapo hapo.

Umeme nao una tabia zake. Chaja halali imeandikwa 100–240V, hivyo umeme mdogo wa jioni hauisumbui. Hatari ni dakika ile umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika: chomoa, usubiri utulie. Chaja bandia, ile nyepesi kupita kiasi, inaweza kuua bodi kwa siku moja. Kuhusu LUKU hakuna sababu ya hofu. Mpakato katika kazi za kawaida hutumia kama wati 15, kwa hiyo uniti moja inaiendesha zaidi ya saa 60, wakati kompyuta ya mezani ya wati 100 inaimaliza kwa saa 10. Hata maboma yaliyo mbali na nguzo, yenye sola na betri ya volti 12, ampea-saa 50, yanaweza: tumia nusu ya betri tu na utapata saa zipatazo 20, ukitoa kidogo kinachopotea njiani. Chaja ya gari ya Type-C ya wati 65 inachomekwa kwenye mfumo huo wa volti 12 moja kwa moja bila inveta, na inveta ndiyo inayokula chaji bure.

Tena, ukiiunganisha na simu, iambie Windows kwamba mtandao huo unahesabiwa. Bila hivyo masasisho yatamaliza bando la wiki kwa usiku mmoja.

Yetu ya sasa ni T480 iliyochubuka pembe, yenye alama ya stika ya ofisi fulani juu ya mfuniko. Ina miaka miwili ndani ya nyumba. Imebadilishwa betri ya nje na kibodi, na mara zote mbili tulirudi nayo siku ile ile. Jioni binti yangu anaifanyia kazi za chuo. Jumapili mweka hazina wa kikundi huja na daftari lake tukahamisha hesabu. RAM yake ni GB 8 kwenye nafasi moja. Nafasi ya pili ipo wazi, na tutaijaza tukishauza maharage.