Tolpuddle: Jina la Mjane, Sifa ya Vibarua

Kusini mwa Uingereza, katika kaunti ya Dorset, unapita mto mdogo uitwao Piddle. Wataalamu wa majina hulihusisha neno hilo na kinamasi. Katika Domesday, daftari la ardhi lililoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya Mfalme William, vijiji kadhaa vya kando ya mto huo vinaitwa Pidele tu, hata huwezi kujua kipi ni kipi. Kila kimoja kikaja kupachikwa alama yake. Briantspuddle kilichukua jina la Brian de Turberville, bwana wa ardhi wa karne ya 14. Piddletrenthide kilipata thelathini ya Kifaransa, idadi ya vipande vya ardhi vilivyohesabiwa kwa kodi.

Tolpuddle kina Tola. Huyu alikuwa mjane wa Urk, askari wa nyumba ya kifalme kabla ya Wanormani kuvamia mwaka 1066, na ardhi yake aliitoa kwa abasia ya Abbotsbury. Wavamizi waliwapokonya wenyeji ardhi, Kifaransa kikatawala mahakamani, na mwaka 1539 abasia yenyewe ikafungwa. Jina la mama huyo halikung'oka.

Majina ya majirani yalitikiswa na aibu. Kwa Kiingereza cha mitaani, piddle lilikuja kumaanisha kwenda haja ndogo. Herufi i na u zilikuwa zimepokezana katika maandishi kwa karne nyingi, na wenye haya wakaing'ang'ania u. Piddletown, ambacho Thomas Hardy alikiita Weatherbury katika riwaya zake, leo ni Puddletown. Piddlehinton na Piddletrenthide vimebaki na i yao, nami navipongeza.

Hata hivyo, waliolivumisha jina la Tolpuddle duniani hawakuwa wenye ardhi. Mwaka 1834, vibarua sita wa mashambani, akiwemo George Loveless, walihukumiwa kuhamishiwa Australia kwa miaka saba. Ujira wao ulikuwa umeshushwa hadi shilingi 7 kwa wiki, wakaunda chama. Mahakama ya Dorchester iliwatia hatiani kwa kula kiapo cha siri, kisingizio cha kuwanyamazisha. Umma ulikuja juu, maelfu wakaandamana London, na mwaka 1836 vibarua hao wakasamehewa. Kila Julai wanachama wa vyama vya wafanyakazi humiminika Tolpuddle na bendera zao kuwaenzi.