Utangulizi: Mtoto, Duka na Sigara Pwani ya Kusini

Karibu katika elimu ambayo wengi huidhani ni ya madaktari peke yao. Kudhibiti uuzaji wa tumbaku ili kuwakinga watoto ni suala la afya, lakini pia ni suala la sheria, la biashara ndogondogo na la malezi. Anayetaka kulielewa hana haja ya kuanzia Nairobi wala Geneva. Na aanzie Ukunda, katika Kaunti ya Kwale, kwenye duka la mtaani, saa za magharibi.

Ndani ya dirisha lenye wavu, pakiti ya sigara imefunguliwa na kuwekwa karibu na kopo la peremende. Nje, kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa uzi ili mnunuzi ajiwashie. Anafika mtoto na noti mkononi, anaomba unga nusu kilo, nyanya na sigara mbili. Mwenye duka haulizi umri wake, kwani anajua katumwa na babake. Kwetu, mtoto akitumwa na mkubwa hakatai, na jirani humhudumia upesi asije akachelewa kurudi. Wote watatu wanaona wamefanya la kawaida, ilhali sheria imevunjwa mara mbili.

Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika 2008, inakataza kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Inakataza pia kuuza sigara mojamoja: pakiti isiwe na chini ya sigara 10. Makatazo haya yanategemeana. Bei ya pakiti nzima mtoto haimudu, bali ya sigara moja anaipata kwenye chenji ya mandazi. Ndiyo maana mtafiti wa fani hii huiangalia sana sigara ya rejareja. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2013 ulionyesha kwamba takriban mwanafunzi 1 kati ya 10 wenye umri wa miaka 13 hadi 15 alikuwa akitumia tumbaku ya aina fulani. Katika umri huo ubongo ungali unakua, na nikotini humnasa mtu mapema.

Sheria hiyo haikuzuka tu. Mwezi Juni 2004 Kenya ilitia saini na kuridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ambao kifungu chake cha 16 kinahusu kuwauzia watoto. Kampuni ya British American Tobacco ilizipinga kanuni za mwaka 2014 zilizotungwa chini ya sheria hiyo, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2019 rufaa yake ikatupwa.

Kaunti inaingia wapi? Soma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Huduma za afya za kaunti, leseni za biashara, masoko na matangazo ya barabarani vyote vimekabidhiwa kaunti. Kwa hiyo afisa wa afya ya umma anayekagua duka la Msambweni, na karani anayetoa leseni ya duka la Diani, ni watumishi wa serikali moja. Wakifanya kazi pamoja, sheria ya taifa inafika dirishani.

Mamlaka hayo yana mipaka, na majirani zetu wametuonyesha. Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, majani ya kutafunwa yenye kuchangamsha, kwa kuwahurumia vijana. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hizo. Mwezi Januari mwaka huohuo, mahakama ya Shanzu iliwaachilia watu 48 walioshtakiwa kwa ajili ya shisha, kwa kuwa marufuku ya 2017 haikukamilishiwa taratibu zake. Nia njema isiyofuata utaratibu huvunjika mahakamani.

Katika tumbaku, Kwale ina nafasi bora zaidi. Haihitaji kubuni marufuku mpya, kwani katazo limekwishapitishwa na Bunge na sheria yenyewe bado imesimama. Kinachohitajika ni kuliunganisha na leseni: mwenye duka aelezwe masharti anapolipia, akaguliwe baada ya hapo, na anayerudia kosa ajue kwamba biashara yake iko hatarini. Tusimsahau mwenye duka mwenyewe. Faida yake ni ndogo, na mteja wa sigara mbili leo ndiye mteja wa unga kesho. Sheria isiyomfikiria itabaki kwenye kabati la ofisi.

Mwanafunzi mpya, kazi ipo. Hesabu maduka yaliyo karibu na shule ya mtaani kwako. Uliza ugoro na vifuko vya nikotini vinauzwaje. Linganisha Diani ya mahoteli na Lunga Lunga ya mpakani. Hudhuria baraza la chifu usikilize wazazi wanasemaje juu ya kumtuma mtoto sigara, kwa sababu hilo halitakomeshwa na mkaguzi peke yake. Kaunti ina uwezo wa kuweka masharti kwa anayeuza. Sisi wakubwa tuna uwezo wa kwenda dukani wenyewe.